Marika Waliojenga Pamoja: Kwa Nini Marafiki wa Shule Hupotezana

Kila mwaka mwezi wa Novemba, mtihani wa kidato cha nne unapomalizika, jambo moja hutokea katika shule za Kyela, Ipinda na Matema kama litokeavyo katika shule nyingine zote za nchi yetu. Wanafunzi waliokaa pamoja miaka minne hupiga picha, huandikiana namba za simu kwenye majalada ya madaftari, na kuahidiana kwamba hawatasahauliana kamwe. Ahadi hizo hutolewa kwa moyo mweupe. Hata hivyo, ukiwatafuta wahitimu hao baada ya miaka mitano, utakuta ya kwamba wengi wao hawajui hata aliyekuwa jirani yao wa dawati anaishi wapi: huenda yuko Mbeya mjini, au Dar es Salaam, au ng'ambo ya mto Songwe upande wa Malawi, au pengine amebaki palepale Kyela akilima mpunga na kakao. Hawakugombana. Wamepotezana tu.

Watu wengi hulieleza jambo hili kwa lugha ya lawama. Husema kwamba vijana wa siku hizi hawana utu, kwamba simu zimewaharibu, kwamba mtu akifika mjini hubadilika. Mimi sikubaliani na maelezo hayo, kwa kuwa hayaelezi lolote. Kupotezana kwa marafiki ni jambo lenye taratibu zake, na taratibu hizo zimepimwa na wataalamu wa saikolojia na wa elimu ya jamii katika muda wa miaka hamsini iliyopita. Zaidi ya hayo, wenyeji wa pwani hii ya kaskazini ya Ziwa Nyasa waliwahi kuwa na mpango wao wa kuwaweka marafiki wa utotoni pamoja maisha yao yote, na mpango huo unajulikana na wanafunzi wa elimu ya jamii katika vyuo vikuu vingi vya dunia. Inasikitisha kuona kwamba haujulikani sana na wanafunzi wa Kyela yenyewe. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Kijiji cha rika moja

Kati ya mwaka 1934 na 1938 wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walifanya utafiti katika Unyakyusa, yaani katika nchi inayoanzia miteremko ya mlima Rungwe na kushuka hadi tambarare ya Kyela ufukoni mwa ziwa. Katika kazi hiyo walisaidiwa na karani Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo, ambaye mchango wake ulichelewa sana kutambuliwa na waandishi. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica ndiye aliyeyatengeneza madaftari yao kuwa vitabu. Cha kwanza, kilichotoka mwaka 1951, kiliitwa Good Company, jina ambalo kwa Kiswahili tungeweza kulifasiri kuwa ni ukaaji mwema pamoja na wenzako.

Waliyoyaeleza ni haya. Mahali pengi duniani kijiji ni mkusanyiko wa ndugu: baba, wana, wajukuu na wake zao. Kwa Wanyakyusa haikuwa hivyo. Wavulana waliochunga ng'ombe pamoja, walipofikia umri wa miaka kama 10 au 11, walitoka katika nyumba za wazazi wao na kuanza kujijengea vibanda pembezoni mwa kijiji cha baba zao. Mwanzoni vibanda hivyo vilikuwa kama vya kuchezea. Lakini wavulana walilala humo, wakaongeza vingine, na wadogo zao waliokuwa wakikua walipokelewa mpaka rika lilipoonekana kuwa limetosha. Hapo mlango ulifungwa, na wadogo waliobaki wakaambiwa wakaanzishe chao. Wale wa kwanza walipooa walileta wake zao palepale. Kibanda kikawa nyumba, na kambi ya wachungaji ikawa kijiji kamili, kwa Kinyakyusa ikipanga, ambamo wanaume wale wale waliokimbizana na ndama waliishi kama majirani hadi uzeeni.

Mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka, yaani kutoka, ambayo kwayo wazee walikabidhi utawala na ulinzi wa nchi kwa kizazi cha wana wao. Mioto ya zamani ilizimwa, moto mpya ukawashwa, mipaka ya vijiji ikapangwa upya, na kila kijiji kikapewa kiongozi wake.

Msomaji ataniuliza: kwa nini wafanye hivyo? Wanyakyusa wenyewe walitoa sababu mbili. Ya kwanza ilihusu heshima: haikufaa kijana aliyekwisha kupevuka alale karibu na wazazi wake, wala mkwe wa kike akutane na baba wa mumewe, na njia ya hakika ya kuwatenga ilikuwa kuwapa vijiji mbalimbali. Sababu ya pili ndiyo inayotuhusu leo. Wanyakyusa walikuwa na neno ukwangala, ambalo maana yake ni kufurahia kuwa pamoja na wenzako: kuzungumza, kula, kunywa, kutaniana, kubishana. Waliamini kwamba akili na ufasaha wa mtu haviji kwa kukaa na wakubwa wanaomwamuru, bali kwa kukaa na watu walio sawa naye, ambao anaweza kuwajibu na kujibiwa. Aliyekula peke yake alitiliwa shaka, na aliyechinja ng'ombe bila kuwaita majirani zake alikuwa akijitafutia maneno.

Kuna jambo moja dogo katika maelezo ya Monica Wilson ambalo nadhani lina uzito kuliko sherehe zote. Wavulana wa kijiji kipya hawakuwa na jiko. Walirudi kula kwa mama zao. Lakini hawakutawanyika kila mmoja kwa mama yake. Walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, na kila mama alipika akijua kwamba atakula mwanawe pamoja na wenzake. Kwa namna hiyo urafiki haukuachiwa hisia za mtu. Ulitiwa ndani ya ratiba ya chakula. Mvulana aliyetaka kula hakuwa na budi kuonana na rafiki zake.

Mpango huu haukuwa pepo, na yafaa tuseme hivyo waziwazi, maana siku hizi kuna tabia ya kuyapaka asali mambo ya kale. Vilikuwa vijiji vya wanaume. Mwanamke aliolewa akaingia katika kijiji cha marika wa mumewe, akawaacha rafiki zake wa utotoni. Urafiki wa wasichana haukujengewa kijiji, na wala watafiti hawakuuandika kwa marefu kama ule wa wavulana. Ng'ombe wa kuolea walikuwa mikononi mwa wazee, kwa hiyo vijana walichelewa kuoa. Tena, kuishi karibu mno na wenzako kuna gharama yake. Watu waliamini kwamba majirani wana uwezo wa kumlinda mtu dhidi ya wachawi, na pia uwezo wa kumdhuru kwa manung'uniko yao akivunja desturi. Imani hiyo iliitwa pumzi ya watu. Rafiki aliyeweza kukukinga ndiye huyo huyo uliyemwogopa.

Isitoshe, wataalamu hawakubaliani wote na maelezo ya akina Wilson. Katika miaka ya 1960 na 1970 Simon Charsley na Michael McKenny waliyachambua upya maandishi hayo, wakashuku kama vijiji vya marika vilikuwa imara na vya kale kwa kiasi kilichoelezwa. Mjadala huo haujafungwa. Kwa shabaha yetu inatosha kujua kwamba jambo lilikuwepo, lilionekana kwa macho, na wazee waliolikumbuka walihojiwa.

Lilidhoofika kwa sababu zinazoeleweka. Tangu miaka ya 1930 vijana walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, na baadaye kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo na ile ya Afrika Kusini. Kahawa huko milimani na mpunga huku tambarare viliipa ardhi thamani ya fedha. Mwaka 1958 P. H. Gulliver alipochapisha uchunguzi wake kuhusu ardhi ya Unyakyusa, alionyesha jinsi uhaba wa mashamba ulivyowafanya watu washikilie urithi wa baba badala ya kugawana na marika. Machifu walifutwa kisheria nchini mwaka 1963, na pamoja nao ikaondoka mamlaka iliyokuwa ikiisimamia sherehe ya kutoka. Kufikia hapo shule ilikuwa imeanza kushika nafasi ya zizi la ng'ombe kama mahali pa vijana kukutana na marika wao.

Saa mia mbili

Sasa tuutazame urafiki kama mwanafunzi wa fizikia atazamavyo kitu kinachoweza kupimwa. Je, inachukua muda gani mtu asiyejulikana awe rafiki? Mwaka 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha makisio yake. Aliwahoji watu wazima waliohamia miji mipya, kisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, akawauliza wametumia saa ngapi pamoja na watu waliofahamiana nao karibuni. Aliona kwamba saa 50 hivi zahitajika ili mtu wa kujuana naye tu awe rafiki wa kawaida, saa 90 hivi ili awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ili awe rafiki wa karibu. Jambo la kuzingatia ni kwamba saa za kukaa pamoja kazini au darasani kwa lazima zilikuwa na nguvu ndogo. Zilizojenga urafiki ni saa za hiari: kuzungumza, kula, kucheza, kutembea.

Hesabu hizi ni za Wamarekani, wala si kanuni kama ile ya Newton. Lakini tukizitumia kwa tahadhari zinatufungua macho. Wachungaji wawili wanaokaa malishoni saa 8 kwa siku hufikisha saa 200 katika siku 25. Wanafunzi wawili wa bweni wenye saa 2 za mapumziko kila siku hufika huko kwa siku 100. Na wanafunzi wawili wa shule ya kutwa wanaotembea pamoja nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kwa mwaka wa masomo wenye siku 194, hupata saa 194 njiani peke yake. Kwa miaka minne ni saa 776. Nawaomba walimu waifikirie njia ya kwenda shuleni kwa jicho hili. Sisi huiona kuwa ni upotevu wa wakati, na kwa upande mmoja ni kweli, hasa kwa msichana atembeaye mbali. Hata hivyo, nyingi ya saa zinazomjengea mtoto marafiki wa maisha hupatikana njiani humo.

Upande wa pili wa swali ni kupungua. Robin Dunbar wa Uingereza amejulikana tangu mwaka 1992 kwa hoja yake kwamba ubongo wa binadamu unaweza kuhimili uhusiano wa kweli na watu wapatao 150 kwa wakati mmoja, na ndani yao wapo kama 5 tu walio wa ndani kabisa. Idadi hiyo ya 150 imepingwa. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2021 kwamba hesabu zilezile zinaweza kutoa majibu yaliyotofautiana mno. Mimi naona hoja ya idadi haina haja ya kututia wasiwasi. Ukweli ulio mwepesi ni kwamba siku ina saa 24, na saa anayopewa rafiki mpya haiwezi kupewa wa zamani.

Sam Roberts na Dunbar waliwafuatilia wanafunzi 30 wa Uingereza kwa miezi 18, tangu mwaka wao wa mwisho wa sekondari hadi walipoingia chuoni au kazini. Uhusiano na ndugu haukutikisika sana. Urafiki ulipoa, na ulipoa upesi. Lakini haukupoa kwa namna moja kwa watu wote. Kwa wasichana, kilichouzuia usipoe zaidi kilikuwa mazungumzo, ana kwa ana au kwa simu. Kwa wavulana mazungumzo hayakusaidia sana. Kilichosaidia ni kufanya jambo pamoja, kama kucheza mpira au kutoka matembezini. Uchunguzi mwingine wa wanafunzi 24, uliotumia kumbukumbu za simu zao na kuchapishwa mwaka 2014, uligundua jambo la ajabu: kila mtu ana mpangilio wake wa kugawa simu zake kati ya rafiki wa kwanza, wa pili na wa tatu, na mpangilio huo haubadiliki hata watu waliomo wakibadilika. Rafiki mpya huingia kwenye kiti cha yule aliyeondoka.

Hapa ndipo tunapoweza kurudi kwa wale wavulana wa Unyakyusa na kuuelewa mpango wao. Kijiji cha marika hakikumtaka mtu amkumbuke rafiki yake. Kilimweka mlangoni pake. Kazi, chakula, ulinzi na mazishi vyote viliwakutanisha watu wale wale, kwa hiyo saa ziliendelea kujazwa. Shule hufanya vivyo hivyo kwa miaka minne au sita, kwa nguvu kubwa, halafu katika siku moja ya Novemba hukoma. Mwanafunzi hudhani kuwa ameondoka na urafiki mkononi, kumbe kilichoushika kilikuwa kengele ya shule.

Kinachobaki kichwani

Habari njema ni kwamba kupoa kwa urafiki si kufutika kwa watu. Mwaka 1975 Harry Bahrick na wenzake wawili walitoa matokeo ya uchunguzi ambao hadi leo hutajwa katika vitabu vya saikolojia. Waliwapima watu 392 waliomaliza sekondari Marekani, wengine wakiwa wametoka shuleni majuzi na wengine wakiwa wazee, kwa kutumia vitabu vya picha za wahitimu. Walioulizwa wataje majina ya wenzao bila msaada wowote walipata asilimia 60 hivi miaka 15 baada ya kumaliza, na asilimia 30 hivi baada ya miaka 48. Lakini walipoonyeshwa nyuso na majina ili wayatambue tu, walipata asilimia 90 hivi katika miaka 15 ya kwanza. Na baada ya miaka 48 bado waliyatambua majina kwa asilimia 80 hivi na nyuso kwa asilimia 70 hivi.

Tofauti hii kati ya kukumbuka na kutambua ni muhimu. Kukumbuka ni kuchota maji kisimani bila kamba. Kutambua ni kupewa kamba. Mzee wa Ipinda anayesema kwamba amewasahau wenzake wote wa darasa la zamani hasemi uongo, lakini mwonyeshe picha moja, au mtajie jina la utani la mwalimu wa hesabu, utashangaa jinsi mengine yatakavyofuatana. Ndiyo sababu mikutano ya wahitimu, inapofanyika palepale shuleni, huamsha mambo ambayo simu haiwezi kuyaamsha. Majengo, mti wa kengele na harufu ya jiko la shule ni kamba zote hizo.

Je, ipo faida yoyote kuwatafuta watu ambao maisha yamekwisha kutupeleka mbali nao? Mwaka 1973 Mark Granovetter alitoa makala iliyopindua mawazo ya wengi. Aliwahoji watu wa mji wa Newton, Massachusetts, waliopata kazi kupitia watu waliowafahamu, akauliza walikuwa wakionana na watu hao mara ngapi. Asilimia 16.7 tu walipata habari ya kazi kutoka kwa mtu waliyeonana naye mara nyingi. Asilimia 55.6 waliipata kwa mtu waliyeonana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa mtu waliyeonana naye kwa nadra. Sababu yake si ngumu: marafiki wa karibu wanajua yale unayoyajua wewe, yule aliye mbali anaishi kati ya watu wengine na kusikia habari nyingine. Mwaka 2011 Daniel Levin na wenzake waliongeza kwamba mtu mliyepotezana miaka mingi ana sifa mbili kwa pamoja: ana habari mpya kama mgeni, na bado unamwamini kama mwenzako wa zamani.

Jambo hili lina maana ya pekee katika nchi yetu. Wale waliosoma sekondari katika miaka ya 1970 na 1980 aghalabu walipelekwa bweni mikoa ya mbali. Kijana wa Kyela alilala kitanda kimoja juu na kijana wa Mara au Mtwara chini, kisha wengi wao wakapitia Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo mafunzo yake ya lazima yalisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Urafiki wao ulitandazwa juu ya ramani nzima ya nchi. Tangu ulipoanza mwaka 2004 mpango wa kujenga sekondari katika kata, watoto wengi zaidi wamepata elimu, nalo ni jambo la kushukuriwa bila kusita. Lakini marafiki wa mtoto wa shule ya kata ni watoto wa kata ileile. Urafiki wao umeshonwa kwa uzi mnene, karibu kama ule wa kijiji cha marika, ila hauvuki mbali. Mimi naona hii ni mojawapo ya gharama za maendeleo yetu ambazo hatujazizungumza vya kutosha, na walimu wa shule za kata wangeweza kuipunguza kwa michezo, midahalo na ziara kati ya shule za wilaya mbalimbali, mradi wanafunzi wapewe muda wa kula na kuzungumza pamoja badala ya kupakiwa tena garini mara tu firimbi ya mwisho ilipolia.

Ugumu wa kuanza

Kuna kikwazo kimoja ambacho watu hawakitaji. Lara Aknin na Gillian Sandstrom walitoa mwaka 2024 matokeo ya majaribio yaliyowahusu watu waliokuwa na rafiki wa zamani waliyetamani kuwasiliana naye, wakiwa na anwani yake, wakiamini kwamba naye atafurahi, na wakipewa muda palepale wa kuandika. Walioupeleka ujumbe hawakufika theluthi moja. Rafiki wa zamani alikuwa amekwisha kuwa kama mgeni, na mtu huona haya kumwendea mgeni. Kilichosaidia ni mazoezi: waliotangulia kuwaandikia marafiki wao wa sasa kwa dakika chache, zaidi ya nusu yao waliweza kisha kumwandikia yule wa zamani. Peggy Liu na wenzake nao walionyesha mwaka 2022, kwa majaribio 13, kwamba anayetuma salamu daima hukisia pungufu furaha ya anayezipokea, na kwamba anayepokea hufurahi zaidi anapokuwa hakuzitarajia.

Nchini mwetu haya hiyo huongezewa nyingine. Makundi ya WhatsApp ya waliosoma pamoja yamekuwa mengi, nami nimo katika matatu. Mengi huanza kwa shangwe ya picha za zamani. Baada ya miezi michache hubaki matangazo ya misiba na orodha ya michango ya harusi. Aliyefanikiwa huogopa kuombwa, na ambaye hakufanikiwa huogopa kuonekana. Wote wawili hunyamaza. Silaumu michango yenyewe, maana kuzikana ni sehemu ya urafiki, na Wanyakyusa wa kale wangekuwa wa kwanza kusema hivyo. Lakini kundi lenye michango pekee halijazi saa. Makundi niliyoyaona yakidumu ni yale yenye jambo dogo la kufanya pamoja kwa tarehe inayojulikana: kukarabati madawati ya shule ya zamani, mechi ya mpira ya kila mwisho wa mwaka watu wanaporudi nyumbani, au mlo wa samaki huko Matema ambao kila mtu huja na chakula chake, ili tajiri na maskini wasitofautiane kwenye risiti.

Wala jambo hili si la anasa. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye jumla ya watu 308,849, wakaona kwamba wenye mahusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano wa kubaki hai uliozidi wa wengine kwa asilimia 50 katika muda waliofuatiliwa. Tafiti za namna hii hazithibitishi kwamba urafiki pekee ndio uliowaponya, kwa sababu mgonjwa naye hupoteza marafiki kwa kushindwa kuwaendea. Hata hivyo tofauti ni kubwa kiasi cha kutodharauliwa.

Uchunguzi kwa wanafunzi

Walimu wa uraia, historia na hisabati wanaweza kulifanya somo hili kwa vitendo, bila chombo chochote isipokuwa daftari. Kila mwanafunzi amtafute mtu mmoja aliyemaliza shule, ya msingi au ya sekondari, zaidi ya miaka 20 iliyopita, na amwombe ridhaa kabla ya kuanza. Kwanza ampe dakika kumi ataje majina ya wanadarasa wenzake bila msaada, na ayahesabu. Kisha, iwapo ipo picha ya darasa au rejista ya zamani inayoruhusiwa kutumiwa, amwombe atambue majina na nyuso, na ahesabu tena. Mwisho amuulize ni wangapi kati yao aliowasiliana nao katika miezi 12 iliyopita, na mara ya mwisho walikutana kwa ajili ya nini: msiba, harusi, kazi, biashara ya mpunga, ibada, au mazungumzo tu.

Majibu yaandikwe katika jedwali bila majina ya waliohojiwa, yakitenganishwa kwa wanawake na wanaume, na kwa waliosoma bweni na waliosoma kutwa. Darasa la wanafunzi 40 litapata sampuli ya watu 40, ambayo ni kubwa kuliko ile ya Roberts na Dunbar. Chora grafu ya idadi ya waliokumbukwa dhidi ya miaka iliyopita tangu kumaliza shule, uone kama mstari unashuka kama ule wa Bahrick au unakwenda njia nyingine. Wanafunzi wa Kyela wana nafasi ya ziada: katika wilaya yao wangali wapo wazee waliosikia habari za vijiji vya marika kutoka kwa baba zao, na bibi wanaoweza kueleza urafiki wa wasichana wa wakati ule ulikuwaje, jambo ambalo vitabu vya akina Wilson vililigusa kwa ufupi. Maswali hayo yaulizwe kwa Kinyakyusa, na majibu yaandikwe kama yalivyosemwa kabla ya kufasiriwa. Nakala moja ya jedwali na ya mahojiano iwekwe katika maktaba ya shule, ikiwa na tarehe na mwaka wa darasa lililofanya kazi hiyo, ili darasa litakaloirudia miaka ishirini baadaye liwe na la kulinganisha.